Lete Barua Kwanza



Kila Krismasi tunasoma sura ya pili ya Injili ya Luka, na kila mwaka tunapita haraka mwanzoni mwake. Tunamtaja Kaisari Augusto, tunamtaja Kirenio liwali wa Shamu, kisha tunakimbilia kwenye hori, malaika na wachungaji wa kondeni. Lakini Luka hakuanza na malaika. Alianza na amri ya serikali kwamba watu waandikishwe, na mume na mke mjamzito waliolazimika kufunga safari kwa sababu ya orodha. Kwa miaka mingi sisi nasi tuliisoma habari hiyo kanisani bila kusimama kwenye neno "kuandikishwa". Tangu tulipokaa ugenini miaka mitatu, hatuwezi kulipita tena.

Tulitumwa na dayosisi yetu kwenda kufanya kazi katika kanisa rafiki huko Ujerumani, upande wa mashariki, katika mji usio mkubwa. Uhusiano huo ni wa zamani. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Zamani hizo wao ndio waliokuja kwetu. Siku hizi nasi tunatumwa kwao. Tulikuwa wanne: mchungaji, mama mchungaji, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Tuliagwa kwa ibada, tukawekewa mikono, akina mama wakatufunga vitenge, kwaya ikaimba. Mzee wetu, babu wa watoto, alikuja na mkongojo wake kutoka kihambani, akatuombea kwa Kichaga mbele ya usharika wote. Tulipanda ndege tukijua kwamba tumetumwa na Mungu na Kanisa lake. Hatukujua bado kwamba aliyetumwa na Mungu naye hupanga foleni.

Kule, mtu akihamia katika nyumba, sheria inamtaka ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Si mgeni peke yake. Hata Mjerumani akihama mtaa mmoja kwenda mwingine huandikishwa upya. Kazi ambayo kwetu hufanywa na mjumbe wa nyumba kumi kwa kukujua sura na ukoo, kule hufanywa na karatasi. Siku ya nne baada ya kufika tulikwenda wote wanne, tumevaa nguo za Jumapili. Tulibeba pasipoti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tafsiri zake zilizogongwa muhuri na mtafsiri aliyekula kiapo, na mkataba wa nyumba.

Karani alizipitia moja moja, akauliza karatasi ya mwenye nyumba. Tukamwonyesha mkataba. Akatikisa kichwa. Tangu Novemba 2015 sheria yao inamtaka mwenye nyumba aandike karatasi ya pekee, kuthibitisha kwamba umehamia humo kweli na tarehe uliyohamia; mkataba hautoshi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kanisa lililotualika, na aliyepaswa kuiandika hiyo karatasi alikuwa ametupikia chakula jana yake usiku. Hakuna aliyekumbuka.

"Leteni karatasi ya mwenye nyumba kwanza," karani alisema kwa upole kabisa, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Tulipokuwa tunarudisha vyeti kwenye mfuko, mmoja wetu alihisi kitu kimemchoma. Ilikuwa kama kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Hakusema lolote siku hiyo.

Mara ya pili tulifaulu, ingawa majina yalitusumbua. Fomu ilitaka kila mtu awe na jina la ukoo. Mama mchungaji, kama wanawake wengi wa kwetu, hakubadili jina katika pasipoti yake alipoolewa. Anaitwa kwa baba yake. Watoto wana la ukoo wa baba. Karani aliuliza kwa heshima kama sisi ni familia moja. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hivyo. Tulimpa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, akalinganisha, akaridhika. Kisha akafika kwenye sehemu ya dini. Aliitazama kola nyeupe ya kichungaji shingoni, akatutazama usoni, akauliza kama kazi yake inavyomtaka: "Dini?" Tukacheka wote, naye akacheka. Swali hilo lina maana kule, kwa kuwa serikali hulikusanyia kanisa kodi kutoka kwa washirika wake: asilimia 9 ya kodi ya mapato katika majimbo mengi, na asilimia 8 katika Bavaria na Baden-Württemberg. Hakuna bahasha zenye namba wala kadi za ahadi kama kwetu; jina likishaandikwa ofisini, hesabu hujifanya yenyewe.

Baada ya hapo barua zikaanza kuingia. Kila mmoja wetu alipata namba ya mlipa kodi yenye tarakimu 11, hata mtoto wa miaka 7, ambaye aliitembeza barua yake shuleni kwa fahari kwa sababu ndiyo ya kwanza kuletewa maishani. Ikaja barua ya ada ya redio na televisheni, ambayo kila nyumba hulipa, iwe na televisheni au isiwe nayo. Tulijifunza kutunza kila karatasi kwenye jalada. Tulijifunza pia kushukuru, kwa sababu kwa karatasi ile ya uandikishaji watoto walipata shule, na akaunti ya benki ikafunguliwa. Hatuandiki hapa kuzisema vibaya karatasi. Sisi wachungaji tumewahi kukaa na wajane wengi waliotolewa kwenye nyumba za waume zao kwa sababu hawakuwa na cheti cha ndoa. Tumewahi pia kuona mzee akipata haki yake kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa na mwinjilisti katika daftari la ubatizo. Karatasi nzuri humlinda mnyonge.

Shida yetu ilikuwa katika ofisi ya pili, ile ya wageni.

Viza tuliyopewa Dar es Salaam ilikuwa ya miezi mitatu. Kabla haijaisha, mgeni anapaswa kuomba kibali cha kuishi. Tuliomba mapema, mwezi wa kumi, kwa maandishi, tukiambatanisha kila kitu: barua ya kazi, bima ya afya, uandikishaji, picha. Miadi tuliyopewa ilikuwa ya katikati ya Januari. Viza yetu ilikuwa inaisha mwishoni mwa Novemba. Tulipouliza, watu wa usharika walitutuliza: aliyeomba kabla ya viza kwisha hukaa kihalali mpaka ajibiwe, na kipo cheti kinachotolewa cha kuthibitisha hivyo. Sisi tulikuwa tumeomba. Cheti ndicho kilikuwa hakijaja. Mradi hatusafiri nje ya nchi, tuliambiwa, hakuna neno.

Wiki ya pili ya Desemba, saa tisa usiku, simu ililia. Mzee wetu alikuwa amelala.

Wapendwa mnaotoka kwetu mnajua mambo yalivyo. Mtoto wa kiume hupaswa kuwepo. Anapaswa kusimama kaburini kihambani, chini ya migomba aliyoipanda baba yake, achukue udongo kwa mkono wake. Na kama mtoto huyo ni mchungaji, ukoo wote humtazamia. Alfajiri ile tulianza kutafuta tiketi, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa tumeelezwa jibu kwa njia tatu tofauti, nalo lilikuwa moja. Tukitoka na viza iliyokwisha, bila kile cheti mkononi, hatutaruhusiwa kuingia tena mpaka tuombe viza upya, na hilo laweza kuchukua miezi. Je, mchungaji aende peke yake? Kibali cha mama na watoto kilitegemea cha baba. Akikwama Tanzania, wao wangebaki ugenini katikati ya baridi, watoto wakiwa wameanza tu kuelewa lugha ya shule, na msimamo wao kisheria ukiyumba.

Tuliiandikia ofisi barua ya haraka siku hiyohiyo, tukieleza msiba. Tulipiga simu, tukasikiliza muziki wa kusubirisha mpaka simu ikakatika. Siku ya tatu hatukuwa tumejibiwa. Ilitubidi tuamue wenyewe, na tuliamua kubaki. Hatujui mpaka leo kama tuliamua vema. Wapo ndugu ambao bado hawajatusamehe, na hatuwalaumu.

Mazishi tuliyaona kwenye simu. Shemeji aliishika juu ya vichwa vya watu, picha ikawa inaganda na kuachia. Tulimsikia mchungaji mwenzetu akisoma liturujia, tukaitikia jikoni kwetu. Ulipofika wakati wa udongo, mdogo wetu alichota konzi mbili, ya kwake na ya kwetu, akalitaja jina letu. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka. Hatukulia kwa sauti, kwa sababu majirani wa ghorofa ya chini hupenda utulivu. Hilo nalo liliuma.

Jioni ile kengele ya mlango ililia. Alikuwa bibi mmoja wa usharika, amepita miaka 80, amebeba sufuria ya supu ya viazi ndani ya kikapu. Kijerumani chetu kilikuwa cha kuokoteza, naye aliongea taratibu. Alituambia kwamba hakuzaliwa pale. Alifika mwaka 1946 akiwa mtoto, pamoja na mama yake na mkokoteni mmoja, baada ya kufukuzwa kwao Silesia wakati mipaka ilipobadilishwa kufuatia vita. Wajerumani waliohamishwa hivyo walikuwa mamilioni. Serikali ya eneo lile haikutaka waitwe wakimbizi. Iliwaita wahamiaji, kana kwamba walipenda wenyewe. Alikuwa amekuja na karatasi ya mama yake, imekunjwa mara nne, imekuwa ya rangi ya chai. Ilikuwa na muhuri, jina na idadi ya watoto.

"Katika kijiji cha kwanza waliiangalia karatasi hii," alisema, "wakasema hakuna nafasi. Katika kijiji cha pili mke wa mchungaji hakuiangalia. Alimuuliza mama, 'Watoto wamekula?' Ndiyo maana mpaka leo niko katika kanisa hili."

Tulikunywa supu. Alipoondoka, tulikaa muda mrefu bila kuzungumza. Kisha yule mmoja wetu aliyechomwa moyo siku ya kwanza, pale dirishani kwa karani, akasema alichokuwa amekificha tangu mwezi wa tisa.

Ni habari ya nyumbani, na ni aibu yetu. Miaka minne kabla ya safari, alikuja ofisini kwenye usharika tuliokuwa tunauhudumia mama mmoja, ana mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono. Alisema anatoka Kigoma, amefuata kazi ya kufua na kupika katika mji wetu, na mtoto wa mgongoni hajabatizwa. Aliomba abatizwe. Karani wa usharika aliuliza utaratibu: barua ya utambulisho kutoka usharika aliotoka, kadi ya ahadi, jumuiya anayosali. Hakuwa na hata kimoja. Karani akamleta kwa mchungaji. Tunasema "sisi" katika insha hii, na mambo mengi tuliyabeba pamoja, lakini sauti iliyomjibu mama yule ilikuwa moja, nayo ni ya mchungaji: "Lete barua kwanza, mama, halafu tutazungumza." Haikuwa sauti ya ukali. Kulikuwa na kikao cha ujenzi saa kumi, na faili mezani. Mama alisema, "Asante, Baba Mchungaji," akapandisha kitenge cha mtoto, akatoka. Hatukumwona tena. Hatukuwa tumemwambia hata akae.

Sasa tulikuwa tumeyaonja maneno yale kwa lugha nyingine. Yule karani wa mji alikuwa mpole kama sisi tulivyokuwa wapole. Alikuwa na utaratibu mzuri, nasi tulikuwa nao. Na Mzee wetu alikuwa amezikwa bila sisi, kwa sababu ya karatasi moja iliyokuwa njiani.

Januari tulikwenda kwenye miadi. Bibi yule alikataa tusiende peke yetu. Saa moja asubuhi, gizani bado, alikuwa ametangulia mlangoni na kofia yake ya sufu. Ofisa aliyetupokea alikuwa dada kijana. Alifungua jalada letu kwenye kompyuta, akasoma, akanyamaza. Barua yetu ya msiba ilikuwa pale, haijafunguliwa hadi asubuhi ile. Alisimama, akatupa mkono mmoja mmoja, akasema pole. Kisha akageuka, akatuonyesha kwa kidole majalada yaliyopangwa kwenye rafu ukutani, akasema wenzake wawili wanaumwa. Hakujitetea zaidi ya hapo. Hatukuweza kumkasirikia. Tulilifahamu lile rundo. Hata sisi tulikuwa na letu.

Alichukua alama za vidole. Kuanzia miaka sita hata mtoto hutoa, kwa hiyo mdogo wetu naye alibonyeza vidole kwenye kioo, akacheka kwa kutekenyeka. Kadi zenyewe, tuliambiwa, hutengenezwa Berlin na huchukua wiki kadhaa. Kwa sasa alitupa kile cheti tulichokikosa Desemba, karatasi ya kukunjwa yenye picha. Kwa Kijerumani kinaitwa Fiktionsbescheinigung. Tulimuuliza maana, kwa sababu tuliona ndani yake neno la hadithi za kubuni. Alieleza: si kwamba ni uongo. Ni kwamba sheria inamhesabu mtu kuwa mkaaji halali wakati bado hajathibitishwa. Hana kadi, lakini anahesabiwa kama anayo.

Wapendwa, sisi ni Walutheri. Neno hilo, kuhesabiwa, tumelisoma katika chuo cha theolojia mpaka likazoeleka. Paulo katika Warumi sura ya nne anasema kwamba Abrahamu alimwamini Mungu, na imani hiyo ikahesabiwa kwake kuwa haki, kabla hajatahiriwa, kabla hajawa na alama yoyote ya kuonyesha mlangoni. Juu ya neno hilo Martin Luther alisimama. Tumelihubiri kila tarehe 31 Oktoba. Na hapa, katika ofisi yenye harufu ya kahawa na mazulia ya plastiki, ofisa wa serikali alikuwa anatueleza namna serikali yake inavyoweza kumhesabu mtu kabla ya kumthibitisha, huku sisi tuliokabidhiwa Injili hiyo tulimtaka mama wa Kigoma athibitishwe kabla hatujamhesabu.

Iko tofauti, na tusiifiche. Hesabu ya serikali ni ya muda. Cheti kile kilikuwa na tarehe ya mwisho chini yake. Mungu anapomhesabia mtu haki hafanyi kwa kudhania, maana gharama imelipwa na Kristo, na neno lake hufanya linachosema. Lakini mpangilio ndio uliotuhukumu. Kwa Mungu kuhesabiwa kunakuja kwanza, matunda yanafuata. Kwetu ofisini tulikuwa tumeugeuza.

Tulimaliza miaka mitatu, tukarudi. Kitu cha kwanza tulichofanya tulipofika nyumbani ni kwenda kaburini kwa Mzee. Cha pili ni kumtafuta mama yule. Usharika tuliokuwa tukiuhudumia ulikuwa na mchungaji mwingine, naye alituruhusu tupekue madaftari. Tukatafuta katika ubatizo, katika wageni, katika jumuiya. Ndipo tulipotambua tulichokuwa tumefanya. Jina lake hatukuwa nalo. Kwa kuwa hakuwa na karatasi, hakuna mtu aliyemwandika. Karani alimkumbuka kitenge chake tu. Tuliulizia sokoni na kwa akina mama wanaofua; wengine walisema alihama, wengine hawakumjua. Kama anasoma kitabu hiki, au kama kuna anayemfahamu, tunaomba amfikishie neno: tulikosa, na tunaomba radhi. Ubatizo wa mtoto wake ulikuwa haki yake kwa neema, na hatukupaswa kuukalia.

Katika usharika tulio sasa tumebadilisha mambo machache. Ofisini pana kiti mbele ya meza, na mgeni huketi kabla ya kuulizwa lolote. Swali la kwanza ni jina lake. La pili ni kama ana mgonjwa au mwenye njaa nyumbani. Jina huandikwa papo hapo katika daftari la wageni, awe na barua au hana. Barua ya utambulisho bado tunaitaka, lakini kuitafuta ni kazi yetu: karani hupiga simu usharika aliotoka. Wakati tunasubiri jibu, mgeni hupewa karatasi yenye muhuri wetu inayosema kwamba ni mwenzetu. Vijana wa ofisini wameipa jina la utani, wanaiita "karatasi ya Ujerumani". Mwenye karatasi hiyo akifiwa, tunazika. Akiwa na mtoto wa kubatizwa, tunapanga naye mafundisho na kumtafutia wasimamizi kutoka jumuiya ya jirani.

Mzee wa kanisa mmoja alitupinga kikaoni, na alikuwa na hoja. "Baba Mchungaji, akija tapeli?" Tulimjibu kwamba atakuja, na amekwisha kuja. Mwaka jana alikuja mwanamume kutaka kufunga ndoa, na kumbe ana mke Singida. Simu moja ya karani ilimgundua. Katika ndoa hatulegezi: barua lazima, matangazo lazima, kwa sababu hapo karatasi inamlinda mke asiye mbele yetu. Tunajitahidi kujiuliza kila mara: karatasi hii ninayoidai inamlinda nani? Kama inamlinda mnyonge, tuidai. Kama inalinda tu muda wetu wa kikao cha saa kumi, tuiache.

Mtoto wa Yusufu na Mariamu alizaliwa wakati wa sensa ya Kaisari, na muda si mrefu, Mathayo anatuambia, wazazi wake wakamkimbiza usiku kwenda Misri. Huko walikuwa wageni. Tunapenda kufikiri kwamba kulikuwa na mama mmoja Mmisri aliyemuuliza Mariamu kama mtoto amekula. Maandiko hayasemi. Lakini Bwana mwenyewe anasema katika Mathayo 25 kwamba siku ile atatuuliza habari za mgeni, na mgeni huyo atakuwa yeye.

Jumapili ijayo, mpendwa msomaji, utakapotoka kanisani, tazama benchi la nyuma. Mara nyingi yuko mtu pale asiyesalimiwa, anaondoka kabla ya mnada wa mazao kuanza. Mfuate mpaka getini. Usimuulize ametoka usharika gani. Muulize jina lake, na ukifika nyumbani uliandike.

Bwana atujalie neema ya kuhesabu kama yeye anavyohesabu. Amina.